Mwaka Nilioajiriwa Kusikiliza Matusi

Tulimzika Daktari Nasimiyu nyumbani kwao Misikhu, Jumamosi moja ya jua kali, na mtu wa mwisho kupewa kipaza sauti kabla ya mhubiri alikuwa Protus. Siku hizi hakuna anayemwita Protus hadharani. Ni mheshimiwa, na ana mtu wa kumshikia mwavuli. Alisimama karibu na jeneza, akavua miwani ya jua, akasema kwamba marehemu alikuwa mama yake kielimu, kwamba ndiye aliyemfungua macho akaona jinsi mitandao inavyoweza kuwaunganisha wananchi. Neno hilo la kuunganisha alilipenda. Alilirudia polepole ili liingie. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa chini ya hema, na kikombe cha chai nilichopewa nilipofika kutoka Kitale, na chai ile ikanigeukia mdomoni ikawa kama maji ya kuoshea sufuria. Nikainuka, nikazunguka nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake wa jikoni. Mmoja wao akaniuliza kama ni jua. Nikamwambia ni jua.

Nimefundisha Historia katika shule ya upili kwa muda mrefu sasa, na walimu wenzangu hunicheka kwa sababu simo katika grupu yoyote ya simu. Mkutano ukiahirishwa, mimi ndiye hufika na kukuta mlango umefungwa. Wengine hudhani ni ushamba, wengine hudhani ni maringo. Sijawahi kuwaeleza kwamba kuna mwaka mmoja nililipwa kusikiliza yale ambayo watu huambiana humo wakidhani ni wao kwa wao, na kwamba tangu hapo nikisikia simu ya mtu ikilia ule mlio mfupi wa ujumbe, mimi huinuka nikatoka nje.

Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Daktari Nasimiyu alikuwa mwanasayansi wa siasa, na alikuwa amekodi nyumba karibu na Kibabii kwa ajili ya utafiti wake. Sebule ndiyo iliyokuwa ofisi: meza za plastiki, pazia zito la kahawia lililoachwa na mpangaji wa kabla yake, na harufu ya nduma zilizochemshwa, maana Daktari alipika chakula cha mchana mwenyewe na hakuamini kwamba mtu anaweza kufikiri akiwa na njaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani yake ameifunga kamba shingoni, na alitia sukari nyingi katika chai kuliko mtu yeyote niliyemjua. Siku ya kwanza alinieleza kazi huku akimenya nduma. Watafiti wengine, alisema, husoma kurasa za wanasiasa mitandaoni, wakahesabu nani amempenda nani. Yeye alitaka kujua mwananchi humwambia nini jirani yake. Kwa hiyo alikuwa ameenda kwa wasimamizi wa grupu nyingi, za soko, za ukoo, za kwaya, za vijana wa bodaboda, upande wa Bungoma na upande wa Kitale pia, akawaomba ruhusa ya kuwa ndani na kusikiliza. Wanachama waliambiwa. Walikubali, wakatukaribisha kwa vijipicha vya maua na mikono ya kuomba, na baada ya muda mfupi wakatusahau kabisa. Majina na namba viliondolewa kabla ya kunifikia mimi. Na kulikuwa na sharti moja ambalo Daktari aliwaahidi wao na waliomfadhili: tunasikiliza, hatusemi. Hata wakidanganya, hatusemi.

Kazi yangu ilikuwa jumbe za sauti. Watu wa kwetu hawapendi kuandika. Hubonyeza na kuongea. Nilivaa hedifoni asubuhi, nikaandika kila neno, kisha nikaliweka mahali pake: mzaha, habari, uvumi, tusi, tishio. Mwanzoni nilicheka sana. Kulikuwa na mwanamume wa soko aliyeimba matangazo ya nyanya. Kulikuwa na mabishano ya kwaya juu ya rangi ya sare ambayo yalikuwa matamu kuliko mchezo wa redio. Lakini uchaguzi ulipoanza kukaribia, sauti zilezile zilibadilika. Yule wa nyanya alianza kueleza kwamba watu wa kabila langu ni kupe, na kwamba kupe huondolewa kwa mafuta ya taa. Upande wa Kitale, ambako ndiko kwetu, wazee wa sauti kama ya baba yangu walisema watu wa Bungoma ni wavivu waliozaliwa wakinyoosha mkono, na kwamba wakipewa serikali watakula hadi milango. Waliyasema kwa upole, katikati ya salamu na maombi ya mgonjwa. Hilo ndilo lililonichafua. Tusi la mlevi barabarani unaweza kuliruka kama unavyoruka dimbwi. Lakini sauti katika hedifoni huingia na pumzi yake, na mate yake, na kikohozi chake, na unamsikia mtu akimeza chai kabla ya kusema kwamba wewe ni mdudu. Nilianza kuosha masikio kwa sabuni kila jioni. Nilijua ni upuuzi, na niliendelea kuyaosha.

Nilikokaa ni kwa Mama Violet. Daktari ndiye aliyenitafutia chumba hicho, katika ploti upande wa mji wa Bungoma, kwa mjane mmoja aliyekuwa fundi wa kushona. Watoto wake walikuwa wameenda zao. Alibaki na cherehani yake pale barazani, akishona sare za shule mwaka mzima. Alikuwa na tabia ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo la maana, na aliita kila mtu "mpenzi wangu", hata mtoza taka. Alipojua jina langu ni Wambui alicheka, akasema hilo jina ni zito kwa ulimi wake, na kwa kuwa nilifika wakati wa mavuno ataniita Nekesa. Nilipenda. Nilikuwa nimekuja na hofu kidogo, maana ni mwaka wa siasa na mimi ni mtu wa Endebess mwenye jina linalotangaza kabila langu, na hapa kulikuwa na mama aliyenifungulia mlango na kunipa jina la kwao.

Alinilisha. Kila jioni nilikuta sahani imefunikwa: ugali, likhubi, yaani majani ya kunde, yaliyolazwa kwenye maziwa, siku za Jumapili kuku wa kienyeji. Kwa ulimi wake, ambao mara nyingi uligeuza l kuwa r, alisema, "Kura, mpenzi wangu, kura kwanza ndio tuongee," na mimi nikamwambia kwamba mwaka huu kila mtu ananiomba kura, yeye tu ndiye ananipa. Alicheka hadi akashika ubao wa mlango. Tulikula kwenye meza ndogo ya jikoni, taa imening'inia juu yetu, na baada ya chakula alishika mkono wangu akaomba, akanitaja mimi na mama yangu na safari zangu. Nilipokuwa na homa alinichemshia majani ya mwarubaini, akaketi kitandani akihakikisha nimemaliza. Nikitoka ofisini nimejaa uchafu wa watu, nilikuwa nikisikia cherehani yake nikiwa bado barabarani, na moyo unatulia.

Ilikuwa wakati wa mvua nyingi, mahindi yamefika magotini, ndipo Daktari alipopata mahojiano na Protus. Protus alikuwa kijana wa kupendeza, aliyefanya kazi ya kutengeneza maneno kwa ajili ya mgombea mmoja mkubwa wa Bungoma. Hakutaka kuonekana na watafiti mjini kwao, kwa hiyo tulikutana Kitale, katika hoteli moja nyuma ya soko, chumba cha ndani chenye sinki la kunawia na kalenda ya kampuni ya mbolea. Aliagiza matumbo na ugali mkubwa. Alikula kwa mikono yote miwili, akizungumza, mchuzi ukimfika kwenye kifundo cha mkono, na kila mara alipomaliza hoja alilamba kidole gumba. Hakuficha kitu. Nadhani alikuwa ametamani kwa muda mrefu apate mtu msomi wa kumwonyesha ufundi wake.

Alisema kwamba zamani walitumia vijana kutukana, lakini kijana akitukana watu husema amelewa. Mapicha nayo watu wameanza kuyashuku. Kilichobaki ni sauti ya mtu anayeheshimika. "Mimi sasa natafuta mama," alisema. "Mama wa kanisa, yule mwenye watu wanamjua ni mpole. Mama hatukani, Daktari. Mama anaogopa tu. Na mtu akisikia mama ameogopa, si na yeye ataogopa?" Daktari akamuuliza hao akina mama huwapata wapi. Akasema kila mama ana kitu anahitaji: mwingine kazi ya mtoto, mwingine oda ya biashara. Kisha akageuka kwangu, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Endebess, alifurahi. Akasema huko pia ana grupu, anafanyia mgombea mwingine, na kwamba yale maneno ya watu wa Bungoma kula hadi milango ni yake, aliyatunga akiwa anaoga.

Nilikuwa nimeyaandika maneno yale siku nyingi, katika sauti za wazee wa kwetu. Nilikuwa nimewachukia wazee wale. Na sasa nilimwona aliyeyatunga, ana kipande cha utumbo mkononi, ananitazama kama anayesubiri sifa. Daktari alimuuliza swali la mwisho kwa sauti ileile ya upole: je, yeye mwenyewe anawachukia watu hao, wa huku au wa kule?

Protus alishangaa kwa kweli. "Chuki ya nini, Daktari? Hii ni kazi tu, bana."

Tulirudi Bungoma jioni hiyo. Tulipofika, Daktari alinipa maziwa ya mgando kwa bilauri, akasema, "Nilidhani nitamkuta mtu mbaya." Nimefikiria sentensi hiyo mara nyingi kuliko maandishi yote niliyosoma chuoni. Mtu mwenye chuki angalau unaweza kumwuliza amekosewa nini.

Sasa, karibu na alikokaa Mama Violet palikuwa na mashine ya kusaga mahindi, ya mzee mmoja aliyeitwa Baba Njeri. Alikuwa mtu wa kwetu. Alihamia hapo akiwa kijana kutoka upande wa Kitale, akamzika mke wake hapo, na alizungumza lugha ya Wabukusu, wenyeji wa hapo, vizuri kuliko watoto wengi wa mji. Kila mtu alisaga kwake. Nilimsalimia nikipita, mweupe wote kwa unga, nyusi na kope, akiwa amefunga kitambaa puani. Hatukuwahi kuzungumza sana. Alikuwa akiniuliza tu mvua imeanza Endebess au bado.

Siku moja asubuhi nilifungua sauti mpya kutoka grupu ya soko. Kwanza kulikuwa na mlio wa cherehani, kisha ukasimama. Mtu akasafisha koo. "Wapenzi wangu wa soko," ikasema sauti, "mimi ni mama tu, sijui siasa. Lakini nimeogopa. Ule unga wa mashine ya huyo mzee wetu wa Kitale, ati kuna dawa inatiwa, wasichana wetu wasizae. Sijui kama ni kweri. Nauriza tu. Nimezaa, najua uchungu. Tuombe sana, na tuangarie tunasaga wapi."

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Nakumbuka mikono yangu ilikuwa inanuka sponji zake nyeusi. Sikuhitaji jina wala namba. Nilikuwa nimeamka na sauti hiyo asubuhi hiyohiyo. Ilikuwa imeniuliza kama nimechukua mwavuli.

Nilimwita Daktari kutoka jikoni. Alisikiliza akiwa amesimama, akarudia, kisha akaenda kwenye sinki akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Ujumbe ulikuwa tayari umeruka hadi kwenye grupu ya bodaboda na ya kwaya, tuliuona ukitembea. Nikamwambia lazima tuseme. Akasema tukisema, utafiti umekufa, na ahadi aliyowapa watu wale wote imekufa, na hakuna mwananchi wa Bungoma atakayemfungulia mtafiti mlango tena. Alisema hayo akiwa amenipa mgongo, kama anayejisomea.

"Na tusiposema?" nikamuuliza.

Alikausha mikono polepole, akaitundika ile taulo. "Kesho asubuhi tunaenda kwa huyo mzee," akasema.

Jioni hiyo nilikuta sahani yangu imefunikwa kama kawaida. Mama Violet alikuwa na furaha; alikuwa amepata oda kubwa ya aproni za kampeni, na vitambaa vya rangi ya chama vilikuwa vimepangwa juu ya kochi hadi karibu na dari. Ugali ulikuwa bado moto. Sikuketi. Nilimwambia nimesikia sauti yake katika grupu ya soko. Nilitegemea akane, au alie. Alisafisha koo, akasema ndiyo, ni yake. Kijana mmoja mzuri alikuja na maneno, akamsomea, naye akayasema kwa njia yake. Nikamuuliza kama anaamini kwamba unga wa Baba Njeri una dawa.

Alinitazama kama nimemuuliza jambo la kitoto. "Kuamini nini, Nekesa? Si huo ndio unga umekura hapa tangu ukuje. Hata reo nimetoka kusaga kwake."

Nilitazama ule ugali kwenye sahani, mweupe, umefinyangwa vizuri na kijiko cha mbao. Alikuwa ametoka kwa yule mzee na debe kichwani. Alikuwa amemsalimia. Nilimwambia watu watamwumiza. Akasema hapana, hiyo ni siasa tu, ikiisha kura watu watarudi kusaga. Kisha akanigusa bega, kwa mkono uleule wa maombi, akaniambia nisijiweke katika hayo maneno: "Wewe si kama wao. Wewe ni wangu."

Nimekutana na mambo mengi mabaya maishani na sijui kama kuna lililonitia kinyaa kama mguso ule. Nililala bila kula, na alfajiri nilikusanya nguo zangu nikahamia kwa Daktari. Mama Violet alikuwa bado amelala. Sikumuaga.

Baba Njeri alitukaribisha kwenye kibanda kilichoshikana na mashine, akatuchemshia chai kwenye jiko la makaa. Hakukuwa na foleni nje. Alikuwa ameshasikia; simu yake mwenyewe ilikuwa imejaa. Alitueleza kwamba jana aliwaita akina mama waje waangalie, akafungua mtambo wote mbele yao, akachota unga kwa kiganja akala mbichi. Wengine walicheka, wengine wakasema amekula ule upande usio na dawa. Daktari alimsihi afunge kwa muda, aende Kitale kwa ndugu zake hadi kura ipite. Alimsihi kwa Kiswahili, kisha kwa Kibukusu. Mzee alisikiliza kwa heshima. Alisema akifunga, watasema walijua. Mtu asiye na hatia hatoroki. Akatuongezea chai. Tulipotoka tulipitia kwa mzee wa mtaa, aliyetakiwa kulinda amani, naye akatuambia ameusikia ujumbe, akatoa simu akatuonyesha alivyoujibu kwa kijipicha cha kichwa kinachocheka hadi machozi.

Daktari alifanya jambo moja zaidi. Aliingia katika grupu ya soko, yeye aliyeapa kutosema, akatuma sauti yake mwenyewe. Alitaja jina lake na kazi yake, akasema unga ule ni salama, kwamba maneno hayo yametungwa na mtu anayelipwa, na kwamba mzee huyo amewasagia tangu wakiwa watoto. Alisema vizuri, bila hasira. Majibu yalikuja haraka. Walimwita malaya wa wageni. Waliuliza ameingiaje. Wengi walikuwa wamesahau kwamba walimkaribisha kwa maua. Kisha wakamtoa, na ukaja ujumbe mwingine, wa kijana safari hii, kwamba kama hata daktari ametumwa kumtetea mzee, basi hiyo dawa ipo.

Tulijua kilichotokea kwa masikio kabla ya macho. Ilikuwa mchana, wiki hiyohiyo, nami nilikuwa na hedifoni kwa sababu Daktari alisema tusikilize hadi mwisho zile grupu ambazo hazijatutoa. Sauti ilikuja kutoka grupu ya kwaya. Mabati yalikuwa yanang'olewa. Nilisikia mtambo ukipigwa kwa chuma, na juu ya hayo vigelegele, vigelegele vya harusi, vya wanawake, na mtu akisema taratibu karibu na simu, "Ona yule mama na mwiko wake." Watu walicheka. Nilikimbia na Daktari akanifuata na viatu vya ndani. Tulipofika walikuwa wamemaliza. Unga ulikuwa umemwagwa barabarani na mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza kuugeuza uji, na watu walikuwa wakipita juu yake wakirudi makwao, nyayo zao nyeupe zikielekea kila mlango. Baba Njeri alikuwa chini ya ukuta wa jirani, mkono umevunjika, damu imekaukia katika unga wa usoni. Dereva mmoja wa lori alikubali kumpeleka Kitale. Wa karibu wote walikataa, na niliwajua baadhi yao kwa sauti: yule wa nyanya alisema gari lake halina mafuta.

Niliporudi ofisini, ile sauti ilikuwa bado wazi kwenye kompyuta, ikisubiri niiweke mahali pake. Nilimuuliza Daktari niandike ni nini, tusi au tishio. Akasema, "Usiandike." Akazima umeme ukutani.

Utafiti ulifungwa. Waliotufadhili walisema kwamba Daktari alikuwa amevunja ahadi kwa waliochunguzwa, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Yeye mwenyewe hakubisha. Alirudi kufundisha darasani. Alikaa miaka yote hiyo bila kuchapisha neno juu ya mwaka ule, na vijana waliomjua baadaye walidhani ni mwalimu wa kawaida aliyechoka mapema. Mgombea wa Protus alishindwa. Yule mwingine wa Kitale, aliyefanyiwa kazi na Protus huyohuyo, alishinda, na uchaguzi uliofuata Protus akasimama mwenyewe.

Mama Violet nilimwona mara moja tu, sokoni Bungoma, siku niliyokuwa nikiondoka. Alikuwa na jora la kitambaa cha sare begani. Alinisimamisha, machozi yakamlengalenga, akaniuliza kwa nini nilihama kama mwizi wakati alikuwa ameniwekea chakula. Alisema nyumba imekuwa kimya. Alimaanisha, ninajua sauti yake na ninajua alimaanisha. Kisha akalalamika kwamba siku hizi kusaga ni taabu, inabidi atembee mpaka ng'ambo ya mto. Niliondoka akiwa bado anaongea.

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja hospitali, Kitale. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, wengine wawili wawili kitandani, na harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa kali. Baba Njeri alikuwa ameoshwa, na sikumtambua mara moja, maana sikuwahi kumwona bila unga. Kumbe alikuwa mtu mweusi sana, na mzee kuliko nilivyodhani. Nilimpelekea uji wa wimbi katika chupa ya chai. Nilimshikia kikombe akanywa. Aliniuliza kuhusu Daktari, na kuhusu mvua. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja, lile la nani alianzisha, na sikuwa nimeamua nitajibu nini, maana ahadi kwa wale tuliowasikiliza ilikuwa bado ipo, hata baada ya kila kitu.

Hakuuliza. Aliniambia mwenyewe. Alisema sauti ile aliitambua siku ya kwanza, kabla hata haijaisha: mama wa cherehani, anayekuja jioni na debe la bluu. Baada ya wengine wote kuacha kuja, yeye aliendelea. Alikuja hata siku moja kabla ya mabati kung'olewa, na mzee akamsagia.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia kitu.

Aliuangalia mkono wake uliofungwa. "Ningemuuliza, angeacha kuja," akasema. "Na ndiye peke yake nilikuwa nimebaki naye."